Rezistansi ndogo, volti kubwa: namna ya kuchagua rezistansi inayofaa mashini ya kooperative



Kwa kawaida mu gazeti letu tunazungumza juu ya mbegu, ugonjwa wa mihogo, bei ya kahawa na namna ya kuchunga mahindi yasiliwe na wadudu. Leo tunazungumza juu ya kitu kidogo sana, kitu chenye urefu wa punje moja ya mchele. Jina lake ni rezistansi. Iko ndani ya ondulere ya solari, ndani ya chaja ya batri, ndani ya variatere inayoendesha mota ya mashini ya kusaga. Bei yake ni ndogo sana. Lakini ikichaguliwa vibaya, inaweza kusimamisha mashini wakati wa mavuno, na inaweza pia kuua mtu.

Si lazima kila mwanamemba awe fundi. Lakini kamati inayolipa fundi, na vijana wanaochunga mashini, wanapaswa kujua cha kuuliza. Njo maana tumeandika makala hii.

Mashini iliyokufa mara tatu

Tulipigiwa simu na kooperative moja ya bonde la Ruzizi, wakati mahindi yalikuwa yanaingia kwa wingi. Mashini yao ya kusaga inaendeshwa na variatere, kisanduku kinachopokea umeme wa nyuzi mbili wa volti 220 na kuugeuza ili mota ya nyuzi tatu izunguke. Variatere ilikuwa imekufa. Fundi aliitengeneza, ikafanya kazi wiki tatu, ikakufa tena. Akaitengeneza mara ya pili, ikafanya kazi siku chache. Mara ya tatu akasema: "Hii karte imechoka, mununue mupya." Wamama walikuwa wanabeba mahindi ku kichwa kwenda kusagisha mbali, na kooperative ilikuwa inapoteza mapato ya kila siku.

Tulifungua kisanduku pamoja na vijana wa mashini. Mbele ya kugusa kitu, tulipima. Umeme ulikuwa umekatwa tangu saa moja nzima, nyuzi zilikuwa zimetolewa. Multimetre ikaonyesha volti 260 ku kondensata kubwa. Kijana aliyekuwa na tournevis mukononi akarudi nyuma hatua mbili. Angeweka kidole pale, leo tungekuwa tunaandika habari nyingine.

Ndani tulikuta rezistansi mbili zilizokufa. Moja ilikuwa nyeusi, imeungua, kila mtu aliiona. Ya pili ilikuwa safi kabisa, rangi zake zinaangaza kama siku ilipotoka dukani. Lakini multimetre ilisema imekatika ndani. Fundi hakukosea kuhesabu ile ya pili. Hesabu yake ya wati ilikuwa sawa. Alichosahau ni volti. Tueleze pole pole.

Rezistansi ina namba tatu

Wengi wanajua namba mbili za rezistansi.

Namba ya kwanza ni omu: ginsi rezistansi inavyozuia umeme kupita. Inaandikwa kwa mistari ya rangi, au kwa namba kama 47K (omu elfu 47) au 1M (omu milioni moja).

Namba ya pili ni wati: moto ambao rezistansi inaweza kuvumilia bila kuungua. Wati haziandikwi ku rezistansi ndogo, lakini fundi anazijua kwa ukubwa wa mwili: robo wati, nusu wati, wati 1, wati 2.

Namba ya tatu ni volti: umeme wa nguvu gani unaweza kusimama kati ya mguu mmoja na mguu mwingine bila kuruka ndani ya mwili. Hii haiandikwi ku rezistansi ndogo za kawaida. Haimo mu mistari ya rangi. Iko tu mu karatasi ya kiwanda. Njo maana inasahaulika.

Kwa rezistansi za kawaida zenye miguu miwili ya waya, viwanda vingi vinatoa namba karibu na hizi:

– robo wati: volti 250;
– nusu wati: volti 350;
– wati 1 na wati 2: volti 500.

Kwa rezistansi bapa zisizo na miguu, zile ndogo kama mbegu za lengalenga zilizobandikwa ku karte, namba ziko chini zaidi. Ile inayoitwa 0805 inavumilia volti 150 hivi, na ile inayoitwa 1206 volti 200 hivi.

Muangalie vizuri: kuna rezistansi za nusu wati zilizotengenezwa na mwili mufupi, sawa na mwili wa robo wati. Moto zinavumilia, lakini volti si lazima ziwe 350. Mwili ukiwa mufupi, umeme una safari fupi ya kuruka. Kama karatasi ya kiwanda haipatikani, hesabu kwa namba ndogo.

Mufano wa bwawa la samaki

Juu ya nini rezistansi inakufa kwa volti hata kama haina moto?

Wanaofuga samaki watafahamu mbio. Tuseme umejenga ukuta wa udongo unaoweza kuzuia maji ya kimo cha metre 1. Pale chini umeweka bomba dogo linalotoa maji kidogo kidogo. Sasa mvua inanyesha, maji yanapanda mpaka metre 3. Bomba bado linatoa maji kidogo, halina shida. Lakini ukuta unapasuka. Ukuta haukupasuka juu ya wingi wa maji yanayopita mu bomba. Ulipasuka juu ya kimo.

Wati ni habari ya maji yanayopita. Volti ni habari ya kimo. Rezistansi ya omu nyingi inapitisha umeme kidogo sana, kwa hiyo haipati moto. Lakini kimo cha volti kinaisukuma vilevile.

Ndani ya rezistansi ya kawaida kuna ngozi nyembamba ya kaboni au ya chuma, iliyokatwa kwa kuzunguka kama kamba iliyoviringishwa ku mti. Kati ya mzunguko mmoja na mwingine kuna nafasi ndogo sana. Volti zikizidi, cheche ndogo zinaruka kati ya mizunguko. Kila cheche inakula ngozi kidogo. Omu zinapanda siku kwa siku, kiisha rezistansi inakatika. Inje hauoni kitu: hakuna moshi, hakuna harufu, hakuna weusi.

Hesabu ya mashini yetu

Tuchukue kalamu. Umeme wa nyumbani ni volti 220. Lakini umeme huu unapanda na kushuka mara 50 kila sekunde, na 220 si kilele chake. Kupata kilele, tunazidisha kwa 1,41:

220 × 1,41 = karibu volti 311.

Ndani ya variatere, umeme unageuzwa kuwa wa upande mmoja na unawekwa mu kondensata kubwa. Kondensata inajaa mpaka kilele. Kwa hiyo ndani ya kisanduku cha "volti 220" kuna volti 311. Kama mashini yenu inapokea nyuzi tatu za volti 380, ndani kuna volti 536 hivi. Hiyo ni namba ya kwanza ambayo fundi anapaswa kuandika.

Sasa ile rezistansi safi. Kazi yake ilikuwa kuwasha karte: inachukua umeme kidogo kutoka kondensata kubwa ili karte iamke. Kiwanda kilikuwa kimeweka rezistansi mbili za 470K, moja nyuma ya nyingine. Jumla ni 940K. Fundi akaona: mbili za nini? Akaweka moja ya 1M, robo wati. Omu ni karibu sawa. Akahesabu wati, volti mara volti, kiisha kugawanya kwa omu:

311 × 311 ÷ 1 000 000 = karibu wati 0,1.

Robo wati ni 0,25. Akasema: inatosha, tena inabaki. Ku upande wa wati, alisema kweli. Lakini rezistansi ya robo wati inavumilia volti 250, na pale kulikuwa 311. Ukuta wa metre 1, maji ya metre 3. Ilifanya kazi wiki tatu, ikakatika. Akaweka nyingine ya namna ileile, nayo ikakatika.

Zile mbili za kiwanda hazikuwekwa kwa kupoteza feza. Ziligawanya kimo: 311 ÷ 2 = karibu volti 155 kwa kila moja. Chini ya 250, kwa usalama. Ni sawa na mashamba ya ngazi ku milima ya Walungu na Kabare. Mulima ni ule ule, mvua ni ile ile, lakini kila ngazi inabeba sehemu yake ya muteremko, na udongo haukimbii.

Kuna alama moja ya kukumbuka. Kwa robo wati ya volti 250, mupaka ni 250K:

250 × 250 ÷ 0,25 = 250 000.

Chini ya 250K, wati njo zinaamuru: rezistansi itaungua kwa moto mbele ya kufika volti 250. Juu ya 250K, volti njo zinaamuru: rezistansi itapasuka kwa volti na mwili wake ukiwa bado baridi. Fundi anayehesabu wati peke yake anakuwa salama ku upande mmoja tu wa mupaka huo.

Rezistansi inayochunga maisha

Na ile nyeusi? Ile ilikuwa na kazi nyingine. Inaitwa rezistansi ya kumwaga umeme. Imefungwa ku miguu ya kondensata kubwa. Mashini ikizimwa, inamwaga umeme uliobaki, pole pole, mpaka kondensata inakuwa tupu. Ni kama muferezi wa kutoa maji mu bwawa.

Pale fundi aliweka moja ya 100K, nusu wati. Tuhesabu: 311 × 311 ÷ 100 000 = karibu wati 1. Rezistansi ya nusu wati ikabebeshwa wati moja, usiku na mchana. Iliungua. Hapa kosa lilikuwa la wati, juu 100K iko chini ya mupaka.

Sasa muone hatari. Rezistansi ya kuwasha ikikatika, mashini inanyamaza. Rezistansi ya kumwaga ikikatika, hakuna anayejua, mashini inaendelea kufanya kazi kama kawaida. Siku zote mbili zimekatika, umeme uliobaki mu kondensata hauna njia ya kutoka. Mashini imekufa, umeme umekatwa, kisanduku kimenyamaza, na ndani kuna volti 260. Wazee walisema: kimya kingi kina mshindo mkuu.

Kondensata ile ilikuwa ya mikrofarade 1 000. Ikijaa volti 311, nguvu iliyo ndani ni sawa na jiwe la kilo 5 linaloanguka kutoka kimo cha metre 1. Jiwe hilo likupige ku mguu, utachechemea. Lakini nguvu hiyo ikipita mukono wa kuume, kifua na mukono wa kushoto, inaweza kusimamisha moyo.

Tulichoweka mahali pake ni rezistansi mbili za 47K, kila moja wati 2, moja nyuma ya nyingine. Kila moja inabeba volti 155 na karibu nusu wati. Ku upande wa volti iko salama, ku upande wa moto iko salama. Na zinashusha kondensata kutoka volti 311 mpaka volti 50 kwa dakika tatu hivi. Kwa rezistansi ya kuwasha tulirudisha mbili za 470K, sawa kiwanda kilivyofanya.

Hatua sita za kuchagua

1. Tafuta volti kubwa kabisa inayoweza kufika pale. Umeme wa mupando na mushuko, zidisha kwa 1,41. Usihesabu volti 220 peke yake. Huku kwetu umeme unaweza kushuka jioni wakati wote wanapika, kiisha kupanda usiku. Ukifika volti 250, ndani kunakuwa volti 353. Kwa pano za solari, jumlisha volti za pano zote zilizofungwa moja nyuma ya nyingine, kwa namba ya wakati hazina kazi, juu ile njo kubwa.

2. Hesabu wati: volti mara volti, gawanya kwa omu. Kiisha chukua rezistansi yenye wati mara mbili ya hesabu yako.

3. Angalia volti za mwili mu karatasi ya kiwanda. Usizitumie zote. Tumia robo tatu tu. Rezistansi ya volti 250, ihesabu kama ya 185. Ya volti 350, ihesabu kama ya 260. Karatasi nyingine zinaonyesha pia namba kubwa zaidi ya kuvumilia kwa sekunde chache. Hiyo si ya kazi ya kila siku, usiifuate.

4. Kama moja haitoshi, gawanya kimo. Weka mbili, tatu au ine, moja nyuma ya nyingine. Ziwe za omu sawa na za namna moja. Ukichanganya 1,5M na 220K chini ya volti 311, hazitagawana sawa: ile ya 1,5M itabeba volti 271 peke yake, na ile ndogo 40 tu. Kubwa itakatika. Kugawanya kwa haki ni kwa walio sawa.

5. Acha nafasi. Rezistansi nzuri haisaidii kama umeme unaweza kuruka inje ya mwili, juu ya karte. Unga wa mahindi na wa mihogo unaingia kila mahali, na ukipata unyevu wa musimu wa mvua unakuwa njia ya umeme. Pangusa karte kwa brashi kavu, usirundike rezistansi pamoja, usiache mabaki ya kuchomelea, na funga kisanduku vizuri.

6. Andika. Mu daftari ya mashini andika tarehe, rezistansi iliyotolewa, iliyowekwa, omu, wati na volti. Fundi wa kesho asirudie kosa la jana.

Radi za kwetu

Kuna sababu nyingine ya kutokubana hesabu. Mu mwaka 2016, wataalamu waliohesabu radi za dunia nzima kwa msaada wa setilaiti walitoa orodha yao. Ya kwanza ilikuwa ziwa Maracaibo la Venezuela. Ya pili duniani, na ya kwanza Afrika yote, ilikuwa sehemu iliyoandikwa kwa jina la Kabare, hapa kwetu Kivu ya Kusini: radi zaidi ya 200 kwa kila kilometre ya mraba, kila mwaka.

Radi si lazima ipige nyumba yenu. Ikipiga karibu na nyuzi, volti zinaruka mu nyuzi kwa nafasi ya kupepesa jicho. Rezistansi iliyowekwa ku mwisho wa nguvu zake haina akiba ya kuvumilia ruko hilo. Robo moja tuliyoiacha mu hatua ya tatu njo akiba yenyewe. Haitoshi kwa radi inayopiga moja kwa moja. Kwa hiyo, mvua kubwa ikikaribia, zima mashini na utoe prise. Funga pia waya wa udongo ulio muzuri.

Na kama volti ni elfu?

Wafugaji wengine wanauliza juu ya uzio wa umeme. Mu Kivu ya Kaskazini, Hifadhi ya Virunga imejenga uzio wa namna hiyo ili tembo wasiingie mu mashamba. Wafugaji wa ngombe mu inchi nyingi wanatumia vidogo vyake. Pale volti zinafika elfu tano mpaka elfu nane, lakini kwa pigo fupi sana, karibu mara moja kila sekunde.

Hapo rezistansi za kawaida hazifai. Kupima volti 8 000 kwa rezistansi za robo wati, ungehitaji zaidi ya 40 kwa mustari mmoja. Kuna rezistansi zilizotengenezwa kwa volti kubwa. Kwa mufano, kiwanda cha Vishay kinatoa aina tatu: VR25 inayovumilia volti 1 600, VR37 inayovumilia volti 3 500, na VR68 inayovumilia volti 10 000, zote kwa umeme wa upande mmoja. Kwa volti 8 000, VR37 ine zinatosha, ukihesabu robo tatu ya nguvu zao.

Mwili wao ni wa buluu ya maji. Wana alama nyingine ya kuwatambua: mustari wa mwisho si wa zahabu wala wa feza kama ku rezistansi za kawaida, ni wa manjano au wa kijivu. Sababu ni kwamba rangi ya zahabu na ya feza ina vumbi la chuma ndani yake, na chuma juu ya mwili kinaweza kusaidia umeme kuruka. Hata rangi imehesabiwa. Fundi anayebomoa televisheni za zamani za kioo kizito anaweza kukuta VR37 ndani. Azitoe, azipime, azichunge.

Lakini hapana kupima uzio kwa multimetre ya kawaida. Nyingi zinaishia volti 600 au 1 000. Tumia kipimo kilichotengenezwa kwa uzio.

Mbele ya kufungua kisanduku

Tunaomba karatasi hii ibandikwe ku ukuta wa nyumba ya mashini:

– Kata disjonktere, toa prise. Kama kuna pano za solari, zifungue pia. Pano hazizimwi wakati jua liko.
– Ngojea dakika kumi. Usiamini kwamba kungoja kunatosha, juu rezistansi ya kumwaga inaweza kuwa imekatika.
– Jaribu multimetre yako ku kitu chenye umeme unaojulikana, uone kama inafanya kazi. Kiisha iweke ku volti za upande mmoja, namba ya 600 au 1 000, upime miguu ya kondensata kubwa.
– Kama bado kuna umeme, umwage kwa ampulu ya zamani ya waya, ya volti 220 na wati 60, yenye nyaya zilizofunikwa vizuri. Ampulu za kisasa za LED hazifai. Usimwage kwa tournevis: cheche yake inaruka mu macho na kuharibu karte.
– Pima tena. Ni mpaka multimetre ionyeshe karibu sifuri njo mukono unaingia.
– Usifanye kazi hii peke yako. Mwenzako akae karibu, ajue namna ya kukata umeme.

Maswali ya kamati kwa fundi

Kamati ikimwita fundi, isione haya kumuuliza. Fundi muzuri anapenda maswali.

"Fundi, pale ulipoweka rezistansi hii, kuna volti ngapi?" Akijibu 220, mukumbushe kilele.

"Rezistansi hii inavumilia volti ngapi?" Akijibu kwa wati peke yake, bado hajajibu.

"Kiwanda kiliweka mbili. Wewe umeweka moja. Juu ya nini?" Kiwanda kinachochunga kila santimu hakiweki mbili bure.

"Rezistansi ya kumwaga umeme inafanya kazi? Tuonyeshe." Aizime mashini, na multimetre ionyeshe volti zikishuka mbele ya macho yenu.

Na mukinunua rezistansi ku soko la Kadutu au mu duka lolote, munaweza kuzipima omu pale pale. Volti hamuwezi kuzipima sokoni. Kwa hiyo, kama muuzaji hajui zilikotoka, muzihesabu kwa namba ndogo, na muweke mbili au tatu mahali pa moja. Ni gharama ndogo kuliko siku moja ya mashini kusimama.

Ile mashini ya bonde la Ruzizi ilirudi kusaga jioni ileile, kwa rezistansi ine. Kamati haikununua variatere mupya. Lakini jambo lililotupendeza zaidi ni daftari. Kijana yule aliyerudi nyuma hatua mbili aliandika ku ukurasa wa kwanza, kwa herufi kubwa: PIMA KWANZA. Chini yake akaandika omu, wati na volti. Namba zote tatu.